Gharama ya Vitabu kwa Mwanafunzi wa Afya Atokaye Rungwa

Kijiji cha Rungwa kipo kusini-magharibi mwa Itigi, mkoani Singida, pale ambapo barabara itokayo Itigi hukutana na ile itokayo Tabora kupitia Sikonge na Ipole, kisha safari ikaendelea kuelekea Makongolosi, Chunya na Mbeya. Ni nchi ya miombo, nyuki na mbung'o, jirani na Pori la Akiba lenye jina hilohilo. Kijana wa hapo anapochaguliwa kusomea utabibu au uuguzi, chuo kiwe Singida, Dodoma, Mbeya au Dar es Salaam, familia hupokea fomu ya kujiunga ambayo ndani yake yameorodheshwa mahitaji yote: ada, malazi, bima ya afya, sare, koti jeupe, stetoskopu, mashine ya kupimia shinikizo la damu na, aghalabu mwishoni, vitabu.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho huleta mashaka zaidi. Ada ina kiasi kilichoandikwa, vitabu havina. Mzazi hajui kama vitabu vyote vilivyotajwa ni vya lazima, mwanafunzi mwenyewe hajui, na muuzaji hana sababu ya kuwaambia. Neno "vitabu" nalo lina heshima yake nyumbani: hakuna mzazi apendaye kuonekana amemnyima mtoto kitabu, na wapo wanafunzi ambao wamelitumia neno hilo kuombea fedha za mambo mengine kabisa. Hapo ndipo mtamba mmoja au ndoo kadhaa za asali huuzwa kwa haraka na kwa bei ya mnunuzi, na fedha hizo zikaishia katika kitabu kinene chenye jalada la kung'aa ambacho, ifikapo mwaka wa pili, hutumika kuinulia kompyuta mezani.

Gharama hii inaweza kupunguzwa sana bila mwanafunzi kupungukiwa na elimu. Lakini katika taaluma ya afya si kila unafuu ni salama. Mwanafunzi wa historia anayesoma toleo la zamani atapoteza alama chache. Mwanafunzi wa utabibu anayesoma toleo la zamani la kitabu cha matibabu anaweza, miaka mitatu baadaye, kumpa mtoto mwenye malaria dawa ambayo vimelea viliacha kuiogopa zamani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kitabu kinauzwa wapi kwa bei nafuu, yafaa kuuliza kitabu hicho kinazeeka kwa kasi gani.

Vitabu havizeeki kwa mwendo mmoja

Mwili wa binadamu haubadiliki kila baada ya miaka minne, ingawa wachapishaji hutoa toleo jipya la kitabu cha anatomia kwa mwendo unaokaribia huo. Idadi ya mifupa ya mtu mzima ni 206 katika toleo la mwaka 1990 na ni 206 katika toleo la sasa. Mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko haujahama. Moyo husukuma damu kwa kanuni zilezile. Kinachobadilika katika vitabu vya anatomia na fiziolojia, toleo hadi toleo, mara nyingi ni ubora wa picha, mpangilio wa sura, maswali ya mazoezi, na maelezo machache ya utafiti mpya ambayo mwanafunzi wa stashahada hatatahiniwa kwayo. Toleo lililopitwa na matoleo mawili au matatu, lililonunuliwa kwa mwanafunzi anayehitimu au kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kandokando ya mitaa ya katikati ya Dar es Salaam, linamtosha kabisa. Nairobi maduka ya namna hiyo huitwa "inama", kwa kuwa mnunuzi hulazimika kuinama ili asome majina ya vitabu vilivyolala chini.

Ndivyo ilivyo pia kwa ustadi wa kumpima mgonjwa. Kitabu cha Hutchison kuhusu mbinu za uchunguzi wa mgonjwa kilitoka mara ya kwanza mwaka 1897, na namna ya kugonga kifua kwa kidole ili kusikia kama kuna maji haijabadilika tangu wakati huo. Kinachopaswa kuongezwa ni vipimo vipya tu. Anayepata toleo la zamani la kitabu cha aina hiyo, kurasa zikiwa kamili, alichukue bila wasiwasi.

Upande wa matibabu hali ni kinyume kabisa. Mfano ulio karibu zaidi na kila nyumba ya Tanzania ni malaria. Hadi mwaka 2001, klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini. Mwaka huo nafasi yake ilichukuliwa na SP, kwa sababu vimelea vilikuwa vimejenga usugu. SP nayo haikudumu. Sera ya mwaka 2006 ikaleta dawa mseto, ALu. Kwa malaria kali, sindano ya kwinini ilitawala kwa miongo mingi, hadi Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipoelekeza kwamba artesunati ya sindano itumike kwa watu wazima na kisha, mwaka 2011, kwa watoto pia. Katika muda usiozidi miaka kumi, basi, sura ya malaria katika kitabu chochote iligeuka kutoka mwongozo kuwa historia, na pengine zaidi ya mara moja. Kitabu hakijitangazi kwamba kimepitwa. Kurasa zake bado ni nyeupe, herufi zake bado zinasomeka, na sauti yake bado ni ya mwalimu mwenye hakika.

Mkunga naye ana mfano wake. Mwaka 2017, baada ya utafiti mkubwa wa kimataifa kuchapishwa, WHO ilielekeza kwamba mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua apewe asidi traneksamiki kwa mshipa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, pamoja na dawa na hatua nyingine za kawaida. Kitabu cha ukunga cha Myles kimewalea wakunga wengi wa Afrika Mashariki tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1953, na maelezo yake ya nyonga, ya mlalo wa mtoto na ya hatua za uchungu ni mazuri hata katika toleo la zamani. Lakini toleo la kabla ya mwaka 2017 halina agizo hilo. Mwanafunzi akilinunua kwa bei ya chini, na alinunue, ajue ni sura zipi anazoweza kuziamini na ni zipi anazopaswa kuzisoma akiwa na mwongozo mpya pembeni.

Kwa mtu wa Rungwa upo mfano mwingine, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu. Mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo, wanaishi katika mapori yake, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye malale ya aina ya rhodesiense, ile inayokwenda kasi na kumuua mgonjwa katika miezi badala ya miaka. Kwa zaidi ya nusu karne, ugonjwa huu ukishaingia katika ubongo, dawa iliyokuwapo ilikuwa melasoproli, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo yenyewe ilikuwa ikiua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliopewa. Mwezi Juni mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo mpya: feksinidazoli, vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10, ikawa dawa ya kwanza ya malale ya rhodesiense kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 20. Kitabu chochote cha tiba za ukanda wa joto kilichochapishwa kabla ya hapo, hata kiwe kipya dukani na chenye bei ya kutisha, hakina habari hiyo kama ilivyo leo. Mwongozo wenyewe wa WHO haulipiwi hata senti moja.

Kwa hiyo mwanafunzi wa afya ana bahati ambayo wenzake wa fani nyingine hawana: sehemu ya masomo yake inayochakaa polepole inapatikana kwa bei ya mitumba, na ile inayochakaa kwa kasi hutolewa bure na wale wenyewe wanaoiandika upya. Kilicho ghali ni kununua kipya kile ambacho cha zamani kingetosha, au kulipia kitabu cha matibabu ambacho kitapitwa kabla mnunuzi hajahitimu.

Vilivyo bure, na mahali vilipo

Kitabu cha kwanza ambacho tabibu au muuguzi wa Tanzania anapaswa kuwa nacho ni Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, unaotolewa na Wizara ya Afya. Toleo la mwaka 2021 linapatikana mtandaoni bila malipo. Ndani yake dawa zimepangwa kwa ngazi za vituo, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa. Hilo ni jambo ambalo kitabu cha Uingereza au Marekani hakiwezi kumpa. Kitabu cha nje kitamwambia tabibu dawa iliyo bora duniani; mwongozo wa taifa utamwambia ipi anatakiwa kuwa nayo kabatini, na mgonjwa yupi ampe rufaa kabla jua halijazama. Wizara pia imewahi kuandaa vitabu vya mwanafunzi kwa ngazi za stashahada ya utabibu, somo kwa somo. Nakala zake zimo katika vyuo vingi, ingawa katika baadhi ya vyuo hulala kwenye kabati la mkufunzi hadi mtu aziulizie.

Cha pili ni miongozo ya WHO. Kitabu chake cha mfukoni kuhusu huduma za watoto hospitalini, toleo la pili la mwaka 2013, kimeandikwa kwa ajili ya hospitali zenye vifaa vichache, nacho kina majedwali ya dozi kwa uzito wa mtoto. Kwa kuwa nacho sasa kina umri wake, kisomwe sambamba na mwongozo wa taifa kila dawa inapotajwa. Upo pia mwongozo wa WHO kuhusu matatizo ya ujauzito na uzazi, toleo la pili la mwaka 2017. Tangu mwaka 2016 machapisho ya WHO hutolewa chini ya leseni huria, na kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuyadurufu na kumpa mwenzake, mradi hayauzi, bila kuvunja sheria.

Madaktari Wasio na Mipaka nao hutoa miongozo yao ya tiba, ya dawa muhimu na ya uzazi bila malipo, na programu yao ya simu husomeka hata pasipo mtandao. Kwa mtu anayejua jinsi mawimbi ya simu yanavyokatika mara tu gari linapouacha mji wa Itigi, sifa hiyo ya mwisho ina uzito kuliko nyingine zote.

Kwa masomo ya msingi, Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, kupitia mradi wake wa OpenStax, kilitoa mwaka 2013 kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia ambacho yeyote anaweza kukipakua, kukichapa na kukigawa. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 2022. Kipo pia cha maikrobiolojia, cha mwaka 2016, vipo vya kemia na biolojia, na katika miaka ya karibuni vimeongezwa vya uuguzi. Ni vitabu vya kawaida vya chuo, vyenye picha za rangi na maswali, wala si muhtasari. Udhaifu wake kwa msomaji wa huku ni kwamba mifano yake ya maisha ni ya Marekani; udhaifu huo, hata hivyo, unavihusu pia vitabu vinavyouzwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi.

Fikra ya kitabu kizuri cha tiba kwa bei ya mtu wa kawaida si ngeni katika eneo hili. Mwaka 1966, Maurice King alihariri kitabu kuhusu huduma za tiba katika nchi zinazoendelea, zao la kongamano la Makerere, kilichochapishwa Nairobi; kilianza na hali halisi ya hospitali isiyo na fedha na kujenga tiba juu ya hali hiyo. Baadaye aliongoza uandishi wa vitabu vya upasuaji kwa daktari wa wilaya asiye na bingwa karibu, na leo vinapakuliwa bure. AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957 likijulikana kwa madaktari wake warukao kwa ndege, lilichapisha Nairobi mfululizo wa vitabu vya bei ndogo kwa watumishi wa afya vijijini. Serikali ya Uingereza nayo, kuanzia mwaka 1960, ilifadhili matoleo ya bei nafuu ya vitabu vya vyuo yaliyofahamika kwa herufi ELBS, na madaktari wengi wa umri mkubwa nchini bado wana nakala zake rafuni. Mpango huo ulifungwa katika miaka ya 1990, na pengo lake halikuzibwa hadi intaneti ilipofika.

Kitabu cha David Werner kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1977, na ambacho Waswahili wanakifahamu kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, nacho kinatokana na fikra hiyohiyo. Mchapishaji wake aliruhusu tangu mwanzo kinakiliwe, mradi kinagawiwa bure au kwa gharama ya kuchapa tu. Mwanafunzi asikidharau kwa kuwa kimeandikwa kwa lugha nyepesi: kwa somo la namna ya kuzungumza na mgonjwa na kumweleza ugonjwa wake, vitabu vinene vichache vinakifikia. Kanuni ya umri, hata hivyo, inakihusu kama inavyovihusu vingine. Sura zake za usafi, lishe na uuguzi wa nyumbani zinadumu. Kurasa za dawa katika nakala za zamani zisitumike.

Mkutubi ana ufunguo

Sehemu kubwa ya vitabu vya kulipia inapatikana bure kwa njia ambayo wanafunzi wengi huhitimu bila kuijua. Januari mwaka 2002 WHO na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, ambao sasa ni sehemu ya Research4Life. Kwa mpango huo taasisi za nchi zenye kipato kidogo husoma majarida na vitabu vya kitaaluma bila malipo au kwa ada ndogo, na Tanzania imo katika kundi lisilolipa. Jambo la kuzingatia ni kwamba usajili ni wa taasisi. Mtu binafsi hawezi kujiandikisha. Jina la kuingilia na nywila hutunzwa na maktaba, na mwanafunzi hana budi kumwendea mkutubi na kuyaomba. Chuo kidogo ambacho hakijajisajili kinaweza kujisajili. Wanafunzi wakimwandikia mkuu wa chuo barua ya heshima kuhusu hilo, watakuwa wameokoa fedha nyingi zaidi ya zile ambazo wangepunguziwa na muuzaji yeyote.

Maktaba yenyewe, ile yenye rafu na vumbi, isisahauliwe. Vyuo vingi huweka nakala chache za vitabu vya lazima katika kundi lisiloazimishwa kwenda nje, na wanafunzi huzigombania wiki ya mtihani huku zikikaa bure wiki kumi za mwanzo. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi hana haja ya kununua chochote katika wiki mbili au tatu za kwanza. Asome vya maktaba, asikilize ni kitabu kipi mkufunzi anakitaja tena na tena, awaulize wa mwaka wa pili ni kipi walikifungua kweli. Orodha ya vitabu kumi mara nyingi hubaki viwili au vitatu.

Hivyo viwili au vitatu navyo si lazima kila mmoja avinunue. Watanzania wanaujua upatu. Wanafunzi watano wa chumba kimoja wanaweza kukubaliana kila mmoja anunue kitabu tofauti, na vyote vikae katika rafu moja chini ya mtunzaji mmoja mwenye daftari la kuazimia. Mpango huu huvunjika kwa sababu moja hasa, ambayo ni kutoamua mapema nani atachukua kitabu kipi siku ya kuhitimu. Liandikwe siku ya kwanza, nao hudumu.

Mashine ya kudurufu na nukta iliyopotea

Wengi huona njia ya mkato iko steshenari: azima kitabu, kidurufu chote, kirudishe. Hesabu yake ifanywe kwanza. Kitabu cha kurasa 1,200, steshenari ikitoza Sh 100 kwa ukurasa, ni Sh 120,000, bado kukijalidi. Hata kurasa mbili zikiwekwa katika upande mmoja wa karatasi, gharama hiyo mara nyingi inakaribia bei ya kitabu halisi cha mitumba. Picha nazo hufa. Tishu ya ini iliyochorwa kwa rangi ya waridi na zambarau hugeuka doa jeusi ambalo halimfundishi mtu lolote.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikumkusudia mwanafunzi anayenakili kurasa chache kwa kujisomea, lakini kudurufu kitabu kizima na kukiuza ni kumwibia mwandishi, na baadhi ya waandishi hao ni wakufunzi wa vyuo vyetu wenyewe.

Lakini kwa mtu wa afya hatari iliyo kubwa kuliko zote imo katika nukta. Adrenalini anayopewa mtu mzima aliyepatwa na mzio mkali ni miligramu 0.5 kwa sindano ya msuli. Katika nakala ya nakala, iliyodurufiwa na mashine yenye wino hafifu, nukta hiyo hufutika. Ndiyo sababu wanafunzi hufundishwa kuandika 0.5 na kamwe wasiandike .5, ili nukta ikipotea ibaki 05 inayomshtua msomaji badala ya 5 inayomdanganya. Kwa sababu hiyohiyo haiandikwi 1.0, maana nukta ikifutika huwa 10. Vitabu vya bandia vinavyochapwa kwa siri na kuuzwa kwa bei ya kushangaza vina dosari hiihii, pamoja na kurasa zilizorukwa. Jedwali la dozi lisisomwe kamwe katika nakala ya namna hiyo, hasa wakati mwongozo wenyewe, ukiwa safi na unaokuzwa kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu, haulipiwi.

Fedha za mkopo na safari ya bando

Mwanafunzi wa shahada anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutengewa kipengele cha vitabu na viandikwa, ambacho katika miongozo ya miaka ya karibuni kimekuwa hadi Sh 200,000 kwa mwaka. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, mikopo ilifunguliwa pia kwa baadhi ya programu za stashahada, za afya zikiwamo; kijana wa Rungwa anayekwenda kusomea utabibu asidhani bado ni ya wa vyuo vikuu peke yao. Fedha hiyo itarejeshwa, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuitumia kwa mpango. Kitabu kimoja cha anatomia cha mitumba, daftari nene, na kifaa cha kuhifadhia mafaili vinaingia ndani yake na chenji ikabaki.

Kupakua nako kuna gharama. Kitabu chenye picha nyingi ni faili zito, na bando la wiki linaweza kuishia katika sura tatu. Busara ni kupakua vyote mara moja chuoni, kwa mtandao wa maktaba, na kuviweka katika kadi ya kumbukumbu au flashi yenye majalada mawili: moja la masomo ya msingi, jingine la matibabu. Vitabu vya leseni huria vinaruhusiwa kuhamishwa kutoka simu hadi simu, na njia hiyo haihitaji bando wala mnara. Jalada la matibabu lina sharti la ziada: kila anaporudi penye mtandao, mwenye nalo atazame kama mwongozo wa Wizara au wa WHO umetolewa upya, na wa zamani aufute. Asiuhifadhi kwa ukumbusho; miongozo miwili ya ugonjwa mmoja katika simu moja ni mtego wakati wa usiku wa zamu.

Kusoma kwenye kioo kidogo kunachosha macho, na wapo wanaoelewa vizuri zaidi wakishika karatasi. Hilo halina ubishi. Kwa hao, sura moja inayosomwa wiki hiyo ichapwe, isichapwe kitabu kizima, na baada ya mtihani iwekwe pamoja na vitini.

Anayehitimu, mwishowe, ana vitabu mkononi na wadogo zake nyumbani wanaosubiri zamu yao. Vya anatomia, fiziolojia na uchunguzi wa mgonjwa avipeleke Rungwa bila shaka yoyote, ama awaachie wa mwaka wa kwanza kwa bei ya haki. Vya matibabu avitenge. Kitabu cha famakolojia cha mwaka 2012 bado kinaeleza vizuri jinsi dawa inavyoingia katika damu, inavyofanya kazi na inavyotoka kwenye figo. Dozi zake na uchaguzi wake wa dawa ndivyo vilivyopitwa. Kabla hajakitoa, achukue kalamu nyekundu aandike kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, mwaka kilipochapishwa, na chini yake: dozi zisisomwe humu.